Vijiko Saba

Buyenzi, Bujumbura
Alhamisi, baada ya alasiri

Yasini mwanangu,

Umekwenda Kinanira kumuaga shangazi yako, na namjua, hatakuachia mpaka ule. Baba yako naye amekwenda gereji kutafuta kamba ya kufungia sanduku ambalo halihitaji kamba. Nyumba imenyamaza. Mambo ya nguo, chakula, simu na kulinda mzigo mpakani atakuambia yeye. Amejiandaa wiki nzima, usimkatize. Mimi nina jambo moja tu, na ni refu. Ningeweza kukurekodia sauti, lakini sauti yangu ingekatika katikati, na wewe ungeisikiliza kwa ile kasi mnayopenda, mama yako anaongea kama kasuku. Afadhali karatasi.

Kesho unakwenda Dar es Salaam kusomea kazi ambayo mimi niliiingia kwa mlango wa nyuma. Kwenye barua ya shule yao wameandika "ubunifu wa mawasiliano ya picha". Hapa mtaani walisema tu, "Zuhura anachora," kama ambavyo wangesema Zuhura anakaanga sambusa. Juzi ulinisomea mpango wa mwaka wa kwanza: utafiti, wazo, michoro ya awali, majaribio, kazi kamili. Ulisoma kwa furaha, hatua baada ya hatua, kama mtu anayepanda ngazi. Mimi nilikuwa nachagua mchele, nikaitikia kwa kichwa tu. Kumbe nilikuwa nimesharudi Rohero, katikati ya mji, kwenye ateliye ya Patroni Melkiori, bosi aliyenifundisha kuchapa, nina miaka ishirini na mmoja, na ngazi hiyo hiyo naipanda kwa kuruka vipandio vyote.

Ateliye ile hukuijua. Ilikuwa chumba kirefu chembamba nyuma ya soko kuu, kabla soko halijaungua. Tulichapa afishi, yale matangazo makubwa ya kubandika ukutani, na tulichapa kwa mkono. Fremu ya mbao imewambwa kitambaa chepesi, wino unamiminwa juu, unausukuma kwa ubao wenye mpira, picha inashuka kwenye karatasi. Kila rangi ilikuwa na fremu yake. Karatasi mbichi tulizibana kwenye kamba zilizovuka chumba kizima, na kutwa nzima tulipita chini yake tumeinama kama watu wanaosalimia wakwe. Jioni nilirudi nyumbani mikono inanuka petroli, na bibi yako hakuniruhusu kugusa unga. Hata leo nikipita mahali mtu anaosha brashi kwa petroli, nasimama kidogo. Siwezi kukueleza nasimama kwa sababu gani. Labda namngoja Patroni aseme kitu.

Alikuwa mtu wa Muramvya, Mkristo wa kwaya, mpole, aliyevaa tai ndani ya koti la kazi lenye madoa. Mwezi wa Ramadhani alifunga ateliye saa kumi, akisingizia macho yake yamechoka, na Shawali ilipoingia macho yalipona. Alinifundisha kuandika herufi kwa brashi bila rula, kupima nafasi kwa jicho, kutega karatasi sawasawa chini ya fremu. Jambo alilolisisitiza kuliko yote lilikuwa hili: kila kazi mpya, umletee michoro mitano kwanza, yote tofauti, kabla ya kugusa fremu.

Sasa nikuambie nilivyofanya, kwa sababu sijawahi kumwambia mtu. Mteja alipokuwa bado anaeleza anachotaka, mimi nilishaiona picha. Ilikuja yenyewe, nzima, na niliipenda papo hapo. Nikaketi nikaichora kwa siku mbili tatu, nikaipamba, nikaifuta pembe moja mara kumi. Halafu, saa ya mwisho, nilichora mingine minne mibovu makusudi, ili ule wangu ushinde. Patroni aliitandaza mitano mezani, akaangalia, akaweka kidole kwenye ule mzuri. Mimi nikajiona mjanja. Miaka mingi baadaye nilimuuliza kama alijua. Alijibu, "Mi nilijua tangu wa kwanza. Nilikuwa nangoja uchoke." Hakuningoja vya kutosha, maskini, kwa sababu kabla sijachoka ikaja ile afishi ya vijiko.

Kituo kimoja cha afya upande wa Kamenge kilitaka afishi kwa ajili ya akina mama. Watoto walikuwa wanaharisha sana msimu ule wa mvua, na wauguzi walitaka kila mama ajue kutengeneza maji ya kumnywesha mtoto: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Muuguzi aliyekuja kutuagiza, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alisema neno ambalo nililisikia kwa masikio tu. Alisema, "Wengi wao hawakusoma." Nikaandika kwenye daftari: hawakusoma. Nikapiga mstari chini yake. Halafu nikalifunga daftari, kwa sababu picha ilishakuja.

Niliiona chupa ya maji katikati, na vijiko saba kuizunguka kama miali ya jua. Jua, afya, asubuhi njema. Sita vya bluu, hiyo sukari. Kimoja cha rangi ya udongo, kimejaa nusu, hiyo chumvi. Chini, maandishi kwa Kirundi na Kifaransa. Yasini, ilikuwa nzuri. Nikikwambia haikuwa nzuri nitakuwa nakudanganya. Patroni mwenyewe alivua miwani akaitazama kwa mbali. Nilimletea na ile minne mibovu, akaweka kidole mahali nilipotaka aweke.

Tulipokuwa tayari kuchapa, wino wa rangi zote mbili ukawa umekwisha. Tulitafuta mji mzima, duka kwa duka, haukuwepo, na miaka ile njia zilikuwa na hofu zake, mzigo uliweza kukaa mwezi mzima bila kufika. Kituo kilikuwa na haraka. Patroni akaniuliza, "Tukitumia nyeusi peke yake, picha yako itasimama?"

Nikasema, "Itasimama."

Nilichukua chini ya dakika moja kujibu. Nikabadilisha rangi, sikubadilisha kitu kingine chochote. Vijiko vyote saba vikawa vyeusi. Niliona bado jua ni jua, hata limependeza zaidi, limekuwa na heshima fulani. Sikurudi nyuma kujiuliza zile rangi mbili zilikuwa zinafanya kazi gani pale. Hiyo ndiyo sehemu ya ngazi yenu ambayo haikuandikwa: kuna wakati kitu kidogo kinabadilika huku juu, na unatakiwa kushuka mpaka chini kabisa uanze kupanda tena, na miguu haitaki. Miguu yangu haikutaka.

Zikabandikwa. Mimi nikaenda mwenyewe Kamenge kuziangalia ukutani, nimevaa kitenge kipya.

Wiki mbili baadaye yule muuguzi alirudi. Alikuwa amebeba afishi zetu zote, zimekunjwa chini ya kwapa, nyingine zimechanika pembe. Aliziweka juu ya meza ya Patroni polepole. Akasema, "Kuna mutoto yuko hospitali. Mama yake alitengeneza maji kama picha inavyosema. Aliweka chumvi nyingi. Mutoto ametetemeka usiku kucha."

Patroni alikaa chini. Na mimi, mwanangu, nilisema hivi: "Lakini maandishi yapo hapo chini. Yanasema wazi."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza. Sikuuliza mtoto ana umri gani. Sikuuliza kama yuko hai. Nilitetea picha. Yule muuguzi akamgeukia Patroni kama vile mimi ni kiti. Nimefanya makosa mengi katika maisha haya, mengine unayajua, mengine anayajua baba yako. Lakini nikitaka kujikumbusha naweza kuwa mtu wa namna gani, narudi kwenye sentensi ile.

Patroni hakunikaripia. Aliondoa tai, akaikunja, akaiweka mfukoni. Sijawahi kumwona bila tai kabla ya siku ile wala baada yake. Akasema, "Nenda umwone huyo mama. Mi nitakuja baadaye. Lakini we utangulie."

Nikaenda. Nilimkuta kwenye wadi ya watoto, msichana wa umri wangu, amekaa sakafuni kwenye mkeka kando ya kitanda, mtoto amelala na mpira wa dripu mkononi. Mtoto alikuwa na miezi kumi. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Mama yake aliponiona nimesimama mlangoni alifikiri nimetumwa na kituo, akaniuliza kama nimeleta karatasi ya kusaini. Nikasema hapana, nimekuja tu kuangalia hali. Nikarudi kesho yake na uji, na keshokutwa yake na uji mwingine, na siku zote hizo sikumwambia mimi ni nani. Nilimsaidia kufua. Nilimshika mtoto alipokwenda kuoga. Alikuwa mwepesi mno, na macho yake yananifuata bila kulia, kwa sababu hata machozi hakuwa nayo.

Siku ya tatu daktari alisema mtoto amekojoa vizuri, hatari inapungua. Yule mama akacheka na kulia pamoja, akanishika mkono, akasema, "Mungu akubariki, dada, we umekuja kama ndugu." Hapo nikashindwa kuendelea. Nikamwambia. Nikasema ile picha niliichora mimi.

Aliuachia mkono wangu. Nikadhani ataita wauguzi wanitoe. Halafu akaanza kuongea, taratibu, kama mtu anayerudia hesabu ili aone amekosea wapi.

"Mi nilifuata picha yako. Nilikuwa najua ni chumvi na sukari, sababu walisema. Nikahesabu vijiko: saba. Nikaona kimoja ni nusu. Nikajiuliza, kwa nini kimoja kiwe nusu? Nikasema, aa, ni kwa kugawanya. Vitatu na nusu chumvi, vitatu na nusu sukari. Sikuweka ovyo. Nilipima."

Yasini, alipima. Nataka ulisome neno hilo mara mbili. Mama yule hakuwa mjinga wala mzembe. Alikaa mbele ya picha yangu, akaifikiria kwa bidii kuliko mimi niliyeichora. Aliona kijiko cha nusu na akakitafutia sababu, na sababu aliyoipata ilikuwa na akili. Iliyokosa akili ilikuwa picha.

Kisha akaniuliza swali. "Na we, wakati ulikuwa unachora, ulikuwa unafikiria nani?"

Ningeweza kusema, nilikuwa nawafikiria nyinyi. Ndilo jibu linalotakiwa, na shuleni kwenu utaliandika mara nyingi. Lakini mtoto alikuwa amelala pale kati yetu. Nikasema, "Nilikuwa namfikiria patroni wangu. Nilitaka aipende."

Akatikisa kichwa. "Basi aliipenda?"

"Aliipenda."

"Sawa," akasema. Akavuta kanga akamfunika mtoto miguu.

Unamjua mama huyo. Ni Tantine Kapitolina, shangazi yako asiye wa damu. Na mtoto ni Fideli, aliyekufundisha kuendesha baiskeli, ambaye ana mabega kama mlango na anakula kama mabega yake yanavyotaka. Uliniuliza ulipokuwa mdogo, sisi Waislamu wa Buyenzi, wao Wakristo wa Kamenge, si ndugu, si majirani, tulijuana wapi? Nikakujibu, "Hospitali." Ukadhani tulilazwa pamoja. Nikakuachia udhani hivyo. Tantine hakuwahi kulisema mbele yako kwa sababu nilimwomba, na leo asubuhi nimempigia kumwambia nakuandikia. Amesema, "Mwambie. Na umwambie Fideli alipona, usimwachie mutoto asafiri na roho nzito." Basi nimekwambia. Fideli alikaa hospitali siku tisa, akapona.

Kilichofuata nakikumbuka vizuri kuliko harusi yangu. Baada ya Fideli kutoka hospitali, nilichora upya. Safari hii michoro haikuwa mitano ya uongo. Nilichora karatasi nyingi za penseli, mbaya mbaya, nisizoona aibu kuzichana. Nikamwomba Kapitolina twende wote kituoni asubuhi, siku ya chanjo, uani wamejaa akina mama na watoto mgongoni. Tukakaa nao kwenye mabenchi. Nilikuwa nimejiandaa kueleza. Kapitolina akanikanyaga mguu. "Usieleze," akaninong'oneza. "Ukieleza watasema ndiyo. Waulize wanaona nini."

Nikamwonyesha mwanamke mmoja mchoro wa mkono ulioshika kijiko. Nikamuuliza anaona nini. Akasema, "Mukono umekatwa. Nani kaukata?" Wenzake wakasogea wakaangalia, wakakubaliana ni mkono uliokatwa, wakaanza kuhurumia. Mwingine nikamwonyesha mshale niliouchora kutoka kwenye kijiko kwenda kwenye chupa. Akasema ni mpini wa jembe. Lundo la sukari waliliita unga, wakaliita sabuni, mmoja akaliita kichuguu. Wakati huo wote mvua nyepesi inanyesha, watoto wanalia, na mimi natoka jasho. Kila nilichokuwa nakijua kilikuwa kinaanguka, kimoja kimoja, mbele ya watu waliokuwa wanacheka kwa upole kabisa.

Nikawauliza, "Basi sukari mnaijuaje?" Wakasema, sukari ya mutaani si ile iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, fundo juu? Nikachora mfuko wenye fundo. Wote wakasema sukari kabla sijauliza. Nikachora mwanamke mzima, na miguu yake, na mtoto mgongoni, ameshika kijiko. Wakasema, huyo ni mama anatengeneza dawa. Mfuko wa sukari na vijiko vyake sita kwenye mstari wao. Chumvi, nayo kwa umbo walilonitajia wao, peke yake, chini, kwenye mstari mwingine, na kijiko kimoja kilichojaa nusu. Katikati nafasi kubwa nyeupe ili mtu asiviunganishe.

Nilipoipeleka kwa Patroni aliitazama sana. Akasema, "Hii si nzuri kama ile."

"Ndiyo, Patroni."

"Wanaielewa?"

"Wanaielewa."

Akachukua fremu akaanza kuiosha.

Afishi ile ilikaa ukutani kule miaka, mpaka jua likaila. Haina jina langu, na hakuna mtu aliyewahi kuisifu. Nimechora vitu vizuri zaidi baadaye, kadi za harusi, mabango ya maduka, jalada la kitabu cha shule. Lakini nikifikiria kazi, nafikiria mwanamke yule na mtoto mgongoni, miguu yake mifupi niliyoikosea kipimo, na ile asubuhi kwenye mabenchi.

Nisije nikakudanganya kwamba toka siku hiyo niliongoka. Niliharibika upande wa pili. Mwaka mzima sikuweza kuamua kitu. Fundi cherehani mmoja wa hapa mtaani aliniomba bango, nikamuuliza kila mpita njia anaona nini, anapenda nini, niweke sindano au mkasi, nyekundu au kijani. Kila aliyesema neno nikalitia. Bango likawa na sindano, mkasi, cherehani, msichana, bwana harusi na maua. Fundi akalipokea kwa adabu, akalitundika nyuma ya mlango. Patroni alipoliona akaniambia, "Zuhura, watu watakuambia wanaona nini. Hawawezi kukuambia uchore nini. Hiyo ni kazi yako, na utaogopa kila mara." Nikamuuliza yeye bado anaogopa? Akasema, "Kila fremu." Nikamtazama mzee yule na tai yake, miaka yote ile ya wino, na nikapata nafuu.

Alifariki ukiwa na miaka mitatu. Ulikaa mapajani mwake mara moja, ukamvuta tai. Mahali pa ateliye leo wanauza vifuniko vya simu. Wakati mwingine nikiwa Rohero napita pale bila shughuli, nauliza bei ya kitu nisichokitaka, ili nisimame ndani kidogo.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Ni juu yako na mimi.

Unakumbuka afishi ya mashindano ya mpira, ya vijana wa mtaa? Ulikuwa na miaka kumi na sita. Uliichora kwenye kompyuta ya binamu yako, ukaniletea kwenye simu, umekaa kwenye ukingo wa kiti. Ulikuwa umetumia aina sita za herufi, mpira unawaka moto, wachezaji wanne wanatoka mawinguni, na tarehe imejificha chini pembeni kama mwizi. Nilijua palepale. Picha ilikujia nzima, ukaipenda, ukaipamba. Ulikuwa mimi.

Na nilifanya nini? Sikukuuliza unaona nini. Sikukuuliza nani ataisoma na atakuwa amesimama wapi. Nilisema, "Lete hapa." Nikakaa kwenye kompyuta saa mbili nzima, nikafuta, nikapanga, nikaweka tarehe katikati kwa herufi moja kubwa. Ukasimama nyuma yangu. Nilipomaliza ilikuwa afishi safi. Ukasema, "Asante, mama." Ikabandikwa mtaa mzima, watu wakakupongeza, na wewe ukawa unaangalia chini.

Hukuchora tena karibu miaka miwili. Nilisema moyoni ni umri, ni mpira, ni marafiki. Baba yako ndiye aliyeniambia, siku moja tunakunywa chai, bila hata kuinua macho: "Ulimaliza kazi ya mutoto. Sasa afanye nini?"

Mimi niliyesubiriwa na Patroni nichoke. Mimi niliyefundishwa kwenye benchi na akina mama walioniacha nikosee mbele yao. Nilikuwa nimesahau kabisa jinsi inavyokuwa kutojua. Nilidhani nakusaidia, kumbe nilikuchukulia sehemu iliyokuwa yako, ile ya kusimama mbele ya ukuta, na kumwona mtu anapita bila kuiona tarehe. Hakuna mtu anayeweza kuipitia kwa niaba yako. Nisamehe kwa hilo, Yasini. Nilipaswa kusema zamani. Kila nilipotaka kusema uliingia na rafiki zako, au mimi nilikuwa na sufuria mkononi, na siku zikapita hivyo.

Ulipoanza kuchora tena ulianza kwa kujificha. Nilikuona, nikanyamaza. Ile michoro uliyopeleka shuleni kwao ili wakupokee, hukunionyesha hata mmoja, na wamekupokea. Iliniuma, na nilifurahi, yote mawili kwa siku moja.

Huko utakutana na walimu, wengine wazuri, wengine watakaotaka uchore ili wao wapende. Utachora ili wapende, sikatazi, kila mtu anaanza hapo. Utaleta michoro minne mibovu makusudi. Utasema "maandishi yapo hapo chini". Utajibu ndani ya dakika moja jambo lililohitaji siku. Sikuandikii ili usiyafanye hayo. Nakuandikia ili siku utakapoyafanya usidhani ni wewe peke yako, wala usidhani kazi imekukataa.

Ninalokuomba ni moja. Huko Dar, kabla hujanitumia kitu chochote kizuri, nitumie kile cha kwanza kilichoharibika. Kile ambacho mtu alisimama mbele yake akaona kitu kingine kabisa. Nitumie kabla hujakirekebisha, na uniandikie huyo mtu aliona nini. Nitakiangalia, mwanangu. Sitakigusa.

Mwenyezi Mungu akutangulie njiani na akupe watu wa kukuambia kweli kwa upole.

Mama yako,
Zuhura